Vifaa vya Mazingaombwe vya Zamani: Kipi Nitengeneze, Kipi Nikatae?

Msomaji mmoja, fundi seremala, ameniandikia hivi:

"Kazi yangu ni samani, lakini kwa muda sasa nimekuwa nikimtengenezea rafiki yangu vifaa vidogo vya mazingaombwe: visanduku, vikombe vya mbao, meza ya kukunja. Watu wameviona na oda zimeanza kuja. Mmoja anataka lile kabati ambamo mtu anakatwa vipande vitatu, kisha kipande cha katikati kinasukumwa pembeni. Ameniletea video pamoja na picha za michoro kutoka kwenye kitabu. Anasema ni kitu cha zamani na aliyekibuni amekwisha fariki, kwa hiyo ni mali ya kila mtu. Mwingine anataka nimtengenezee vifaa vya mtindo wa kale, nivichakaze rangi hadi vionekane vya miaka mia. Sheria inasemaje? Na ninyi mafundi wa kazi hii mnasemaje? Sitaki kuanza biashara kwa kumwibia mtu."

Ndugu yangu fundi,

Mteja wako wa kwanza amekupa sababu mbili: kitu ni cha zamani, na mwenyewe amefariki. Zote mbili ni kweli, na hakuna hata moja inayokupa ruhusa.

Kabati unaloagizwa lina mwenyewe. Wanamazingaombwe huliita Zig Zag. Lilibuniwa na Robert Harbin, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi zake Uingereza, na lilianza kuonekana jukwaani katikati ya miaka ya 1960. Kabla yake watazamaji walizoea masanduku makubwa yaliyolazwa mezani. Harbin alileta kabati jembamba lililosimama wima, uso na mikono ya msaidizi ikionekana, kisha akausukuma mwili wa kati upande mmoja mbele ya macho ya watu. Mwaka 1970 alichapisha kitabu chenye vifaa vyake, nakala 500 tu, na kila aliyenunua nakala alipewa ruhusa ya kujitengenezea vifaa vilivyoelezwa humo. Hiyo ilikuwa njia ya kiungwana sana ya kugawa kazi ya maisha. Malipo yake yakawa kwamba Zig Zag ni miongoni mwa vifaa vikubwa vilivyonakiliwa bila ruhusa kupita vyote katika fani hii.

Harbin alifariki mwaka 1978. Lakini hakimiliki ya maandishi na michoro haizikwi na mwandishi. Mkataba wa Berne unataka idumu angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi, Uingereza ikiwamo, zimeiongeza hadi 70. Hesabu mwenyewe: kule Uingereza michoro ya Harbin inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2048. Kwa hiyo zile picha za kurasa ulizoletewa ni nakala ya kazi ambayo bado ina mwenyewe, na kwa kukukabidhi wewe, mteja amekuingiza katika jambo ambalo hukulianzisha.

Hapa utasikia wajuzi wakikuambia kwamba hakimiliki hulinda mchoro, hailindi kabati. Wana hoja. Sheria hiyo hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala haigusi wazo lenyewe au jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Kinachoweza kulinda utendaji wa kifaa ni hataza, na hataza ina masharti magumu: unaeleza siri yako yote katika hati iliyo wazi kwa umma, na baada ya takriban miaka 20 tangu uombe, ulinzi unakwisha. Kwa mtu anayeishi kwa siri, huko ni kununua kufuli kwa kumpa mwizi ramani ya nyumba.

Mwanamazingaombwe Horace Goldin aliyaonja hayo. Januari 1921, katika ukumbi wa Finsbury Park Empire jijini London, mwenzake P. T. Selbit alionyesha mchezo wa kumkata mwanamke kwa msumeno akiwa amefungiwa sandukuni. Mwaka huohuo Goldin akaonyesha Marekani toleo lake, ambalo kichwa, mikono na miguu ya msaidizi vilionekana nje ya sanduku. Akasema wazo lilikuwa lake tangu zamani, akapambana na kila aliyemwona mshindani, na mwaka 1923 akapata hataza. Miaka kumi baadaye, kampuni ya tumbaku ya R. J. Reynolds ikachapisha matangazo ya sigara yaliyofichua michezo ya mazingaombwe, na huo wake ulikuwamo. Goldin akaenda mahakamani. Mwaka 1938 mahakama ya New York ikamkatalia: siri ambayo yeye mwenyewe aliiandika katika hati ya hataza, mahali ambapo yeyote angeweza kuisoma, haikuwa siri tena.

Mahali ambapo sheria imeonyesha meno ni pale mchezo unapokuwa igizo kamili. Teller, yule mkimya wa jozi ya wanamazingaombwe wa Marekani, Penn na Teller, ana mchezo ambamo anakikata kwa kisu kivuli cha ua, na ua halisi lililomo katika chombo linadondosha majani na petali zake sehemu ileile kisu kinapopita kivulini. Mwaka 1983 aliusajili kama igizo. Mwaka 2012 alimshtaki mwanamazingaombwe wa Ulaya aliyeweka mtandaoni video ya mchezo unaofanana sana na huo, huku akitangaza kuuza vifaa na maelekezo yake. Mwaka 2014 mahakama ya Nevada ikamkubalia Teller dai la hakimiliki. Jaji alieleza kwamba mbinu ya mazingaombwe kama mbinu haina hakimiliki, lakini igizo la vitendo lililopangwa na kusajiliwa linayo. Liweke hilo akilini siku mteja atakapotaka umuuzie kifaa pamoja na "onyesho lake lote": maneno, miondoko, mpangilio wa jukwaa.

Unaona basi sheria ilivyoacha pengo kubwa. Fundi akiamua kuishi ndani ya pengo hilo, anaweza kunakili kazi za watu maisha yake yote na asikanyage mahakamani. Ndiyo maana wenye fani wameweka kipimo kikali kuliko cha sheria. Vyama viwili vikubwa, Society of American Magicians kilichoanzishwa mwaka 1902 na International Brotherhood of Magicians cha mwaka 1922, vina kanuni za maadili za pamoja. Zinataka haki za wabunifu, waandishi na wamiliki wa michezo ziheshimiwe, na zinapinga kutangaza kifaa ambacho mtangazaji hana haki ya kukiuza. Hakuna polisi wa kanuni hizo. Kuna majina tu, na jina la fundi katika fani ndogo kama hii husafiri haraka kuliko bidhaa zake.

Mimi nimekaa katika karakana hizi miaka mingi, na kipimo changu kinaanzia kwenye malipo. Jiulize mteja analipia nini. Sehemu ya fedha yake ni ya mbao, bawaba, rangi na mikono yako, na hiyo ni halali yako. Lakini asingekulipa kiasi kile kwa kabati la kawaida la ukubwa uleule. Anakulipa kwa sababu ndani yake mna fikra za mtu aliyekesha akipima upana wa ubao, mwinuko wa tundu, mstari wa rangi unaodanganya jicho. Ondoa fikra za Harbin, na kinachobaki ni mbao zilizopakwa rangi ambazo mteja wako hana haja nazo. Sehemu hiyo ya fedha si yako mpaka mwenyewe, au aliyerithi haki zake, akuruhusu.

Ruhusa nayo haiji kama kifurushi kimoja. Wabunifu wa vifaa vikubwa hutofautisha ruhusa ya kutengeneza, ruhusa ya kuonyesha jukwaani na ruhusa ya kuonyesha katika televisheni. Anayenunua michoro kwa kawaida hupewa haki ya kujengewa kifaa kimoja cha matumizi yake, na hapewi haki ya kufungua kiwanda. Jim Steinmeyer wa Marekani, aliyebuni kile kisanduku kidogo kinachokunjuka na kumeza mtu mzima, maarufu kwa jina la Origami, ameona kazi zake zikijengwa na watu ambao hawakumwandikia hata mstari mmoja. Wapo mafundi wanaozijenga kwa idhini yake, na mnunuzi makini huwauliza: kibali kiko wapi? Zoea kuulizwa hivyo, na uwe na jibu la maandishi.

Kwa hiyo oda ya kabati lile uishughulikie hivi. Kama mteja wako anamiliki mojawapo ya zile nakala 500, mazungumzo yanabadilika. Muombe akuonyeshe kitabu chenyewe, si picha zake; tengeneza kabati moja, la kwake, na michoro umrudishie yote. Kama hana, mwelekeze kwa fundi mwenye idhini, au umsaidie kumtafuta mwenye haki. Akikuambia kila mtu analiuza, mjibu kwamba ndivyo ilivyo, na bado hujaona kibali. Na ikiwa mwenye haki hapatikani kabisa? Hapa mafundi tunatofautiana. Wengine husema ukitafuta kwa uaminifu ukakosa, tengeneza. Mimi naona mtu anaweza kujijengea kifaa kimoja ili ajifunze, kikabaki karakanani kwake. Kukiuza ni jambo jingine. Kutompata mwenye shamba hakunifanyi niwe mvunaji.

Sasa usikate tamaa ukadhani kila kitu kimefungwa. Hazina iliyo wazi ni kubwa kuliko utakavyoweza kuimaliza. Vikombe na mipira vilikuwa vikiwashangaza watu tangu zama za Roma. Seneca, katika karne ya kwanza, anawataja wachezaji wa vikombe na vijiwe katika barua zake na anakiri kwamba alifurahia kudanganywa nao. Reginald Scot, Mwingereza, alieleza michezo mingi katika kitabu chake cha mwaka 1584, akiwamo mtu aliyekatwa kichwa na kichwa kikawekwa kwenye sahani, na kuna mchoro wa meza yake. Pete zinazoungana, mfuko wa yai, sufuria inayotoa njiwa, meza zenye mifuko ya siri, masanduku ya kubadilisha vitu: hivi vimepita mikononi mwa vizazi hata hakuna awezaye kusema ni vyake. Vitengeneze, viuze, jivunie.

Ila uangalie jambo moja. Mchezo unaweza kuwa wa wote huku toleo fulani likiwa la mtu. Pete ni za wote. Utaratibu mpya wa kuzifungia alioubuni mtu aliye hai miaka michache iliyopita ni wake. Vikombe ni vya wote. Lakini umbo, mikunjo na nakshi za kikombe ambacho fundi mwenzako anauza leo ni jasho lake. Hata pale ambapo fani nzima imekubali kitu kitengenezwe na yeyote, taja aliyekianzisha. Kile kisanduku kidogo cha sarafu cha mviringo kimetengenezwa na mafundi wasiohesabika, na bado tunakiita kwa jina la Okito, yaani Theo Bamberg, aliyefariki mwaka 1963. Kutaja jina hakugharimu hata senti.

Utakutana pia na kishawishi cha kusema "nimekiboresha, kwa hiyo ni changu". Historia ina kisa kizuri. Henry Dircks, mhandisi wa Uingereza, alibuni namna ya kuonyesha mzimu jukwaani kwa kutumia kioo na mwanga, lakini mpango wake ungelazimisha kumbi za maonyesho zijengwe upya. John Henry Pepper, wa taasisi ya Royal Polytechnic, aliona njia ya kuufanya uwezekane katika ukumbi wa kawaida, na Desemba 1862 watu wakauona kwa mara ya kwanza. Ombi la hataza lilibeba majina yao wote wawili. Hata hivyo umma ukaubatiza mzimu kwa jina la Pepper peke yake, na Dircks, aliyekuwa ameachilia haki zake za kifedha, alibaki na uchungu. Boresho la Pepper lilikuwa la kweli, bila lenyewe mzimu usingetoka kwenye karatasi. Hilo halikumfanya awe baba pekee. Ukibadilisha aina ya bawaba au ukaweka plaiwudi nyembamba zaidi, hujafika hata alikofika Pepper. Mwandikie mbunifu, mwonyeshe ulichobadilisha; mara nyingi hufurahi, na wengine hukuruhusu kukiuza kwa kuwalipa mrabaha.

Hatari kubwa kwa fundi mwaminifu haimjii kupitia wateja wapya. Inaingia kwa mlango wa matengenezo. Siku moja utaletewa kifaa cha mtu kilichovunjika bawaba. Utakifungua, na mbele yako patakuwa na siri yote, imelazwa mezani, pamoja na futi kamba iliyo mfukoni mwako. Kazi uliyopewa ni bawaba. Usipime kisichohusika, usipige picha za ndani kwa kumbukumbu zako, na ukilazimika kupiga kwa ajili ya kazi, zifute siku ya kukabidhi. Vivyo hivyo mtu akikuagiza kifaa alichokibuni mwenyewe, wewe si mshirika wa wazo hilo hata kama ulimsaidia kutatua tatizo la komeo usiku kucha, isipokuwa mmeandikiana. Robert-Houdin, mtengeneza saa wa Ufaransa aliyefungua ukumbi wake Palais-Royal jijini Paris mwaka 1845, alisalitiwa na fundi wa karakana yake mwenyewe, ambaye alitengeneza nakala za vifaa vyake na kuwauzia wanamazingaombwe wengine. Fundi huyo hakubuni chochote. Alikuwa na ufunguo wa karakana tu.

Niingie kwenye usalama, maana wengi wanaozungumzia maadili ya vifaa huishia kwenye siri na kusahau kwamba ndani ya sanduku mna mtu. Nakala inayotokana na video ni hatari kwa sababu video haikuonyeshi kilichomlinda msaidizi. Huoni unene wa ubao unaobeba uzito, huoni kizuizi kinachozuia ubapa usishuke kupita kiasi, huoni komeo linalofunguka kwa ndani. Anayebahatisha vipimo hivyo anabahatisha mbavu za mtu. Mimi siachi kifaa kitoke bila mambo haya: aliye ndani aweze kujifungulia mwenyewe akiwa gizani, kwa mkono mmoja, hewa iingie hata milango yote ikifungwa, hakuna ncha ya skrubu wala kibanzi upande ambao mwili unapita, na kifaa kibebe uzito unaozidi mara kadhaa ule utakaowekwa. Rangi ya ndani ikauke na harufu iishe kabisa kabla mtu hajafungiwa humo. Kwa vifaa vya kukata kidole au shingo, ambavyo mara nyingi mtazamaji asiyejua kitu ndiye anayeingizwa, sharti ni kali zaidi: kisiweze kukosea hata kama anayekitumia amekosea. Kama muundo hauwezi kukidhi hilo, usiuze.

Na kifaa huchakaa. Tarehe 23 Machi 1918, katika ukumbi wa Wood Green Empire jijini London, William Robinson, aliyejulikana kwa jina la jukwaani la Chung Ling Soo, alifanya mchezo wake wa kudaka risasi. Alikuwa ameufanya mara nyingi. Safari hii bunduki ilipiga kweli, naye akafa siku iliyofuata. Uchunguzi ulionyesha kwamba kifaa kilikuwa kimechakaa ndani, baruti ikapenya mahali ambapo haikupaswa kufika. Kwa hiyo andika maelekezo ya matunzo na uyakabidhi pamoja na kifaa: nini kikaguliwe kabla ya kila onyesho, nini kibadilishwe na baada ya muda gani, dalili zipi zinataka kifaa kirudishwe kwa fundi. Mimi binafsi sitengenezi chochote kinachohusu kudaka risasi, kwa mtu yeyote, kwa bei yoyote.

Wanyama nao ni viumbe vyenye uhai. Mwaka 1921 mwanamazingaombwe Carl Hertz alifika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza na kupotezesha ndege pamoja na tundu lake, ili kuthibitisha kwamba ndege hafi katika mchezo ule, kama watu walivyoshuku. Ukitengeneza sehemu ya kumweka njiwa, ipime kwa njiwa halisi aliyetulia, mwenye nafasi na hewa, na kwa muda ambao onyesho linaweza kuchelewa, wala si kwa zile dakika chache zilizopangwa.

Tangazo ndilo eneo ambalo hata mafundi wenye heshima zao huteleza. Biashara yetu ina tabia moja isiyo ya kawaida: mnunuzi hawezi kukikagua kifaa kabla ya kununua, kwa sababu akikikagua ameshajua siri, na siri ni nusu ya alichokuja kununua. Ndiyo maana wauzaji wengi hawapokei marejesho. Mimi nakubali utaratibu huo, lakini unakubebesha mzigo wa kusema kweli kuliko muuza viatu, ambaye mteja wake hujaribu kwanza. Bila kufichua mbinu, mwambie mnunuzi kila kitakachomwathiri: kama watazamaji wanaweza kukaa pembeni au lazima wawe mbele tu, kama kinahitaji giza au pazia nyuma, kama mtazamaji anaweza kukishika na kukigeuza, kinabeba msaidizi wa urefu na unene gani, kinachukua muda gani kuandaliwa, na mazoezi yake ni ya wiki au ya miezi. Video ya tangazo ionyeshe onyesho lisilokatwakatwa, kutoka mahali ambapo mtazamaji wa kawaida atakaa. Ukiandika "hakina pembe mbaya", yaani hakuna upande ambao mtazamaji ataiona siri, huku unajua kinayo, umemwibia mtu, hata kama muundo wote ni wako mwenyewe.

Upande wa pili, tangazo lisiwe mlango wa kufichua. Usipige picha ya sehemu ya ndani ili kuonyesha uzuri wa kazi ya mkono. Najua inauma, pale ndipo ufundi wako ulipo. Maelezo ya ndani mpe aliyelipa.

Kisha mwangalie anayenunua. Mwaka 1865 John Nevil Maskelyne, wakati huo kijana mtengeneza saa, aliwaona ndugu wa Davenport katika mji wa Cheltenham wakifungiwa kamba ndani ya kabati, ala za muziki zikalia, wakiacha watu waamini kwamba mizimu ilikuwa kazini. Akajenga kabati lake, akafanya mambo yaleyale, akatangaza wazi kwamba hakuna mzimu. Kabati kwa kabati hayakutofautiana sana. Kilichotofautiana ni kile mtazamaji alichoambiwa. Biashara hiyo haikufa. Mwaka 1901 duka moja la Chicago lilichapisha orodha ya siri ya vifaa kwa ajili ya watu waliojidai kuzungumza na wafu: vibao vinavyojiandika, nyuso za mizimu, kila kitu. Aliyetengeneza vibao vile hakukaa mezani na mjane na kumtoza fedha ili asikie sauti ya mumewe. Lakini alijua nani atakayekaa.

Mtu akikujia akitaka kifaa kinachotoa damu, kinachofanya chuma kionekane kikitolewa mwilini mwa mgonjwa, au kinachojibu maswali kwa jina la marehemu, muulize ataonyesha wapi na kwa maelezo gani. Mwanamazingaombwe atakueleza onyesho lake kwa furaha, hata utachoka kumsikiliza. Mwenye nia nyingine atakuambia hayo hayakuhusu. Hapo funga daftari la oda. Hali ni hiyohiyo kwa karata zilizotiwa alama na dadu zenye uzito: zina nafasi yake jukwaani, na zina nafasi kubwa zaidi kwenye meza ya kamari.

Nimalizie na mteja wako wa pili, anayetaka rangi ichakazwe. Kutengeneza kifaa kwa mtindo wa kale si kosa. John Gaughan, fundi wa Los Angeles, alitumia miaka kulijenga upya lile sanamu la Mturuki mcheza sataranji ambalo Wolfgang von Kempelen alilitengeneza mwaka 1770 na likateketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Kazi yake ilionyeshwa mwaka 1989, na imewawezesha watu kuona kitu ambacho vinginevyo wangekisoma tu. Hakuna aliyeambiwa kwamba ni lile lililoungua.

Basi mkubalie mteja mtindo, rangi za kale, hata shaba iliyofifia kama jukwaa lake linahitaji hivyo. Lakini choma alama yako na mwaka wa kutengenezwa ndani ya mbao, mahali ambapo haiwezi kukwanguliwa bila kuharibu kifaa, na uandike kwenye risiti kwamba ni kifaa kipya cha mtindo wa zamani. Usiweke kamwe muhuri au kibandiko cha karakana ya zamani, hata kama imekwisha fungwa na hakuna atakayelalamika. Akikataa alama, umeshajua anakwenda kukiuza kama nini. Wewe unaweza kuwa mkweli kwake, yeye akawa mkweli kwa anayefuata, na wa tatu asiwe. Alama iliyochomwa ndani itaendelea kusema hata wewe usipokuwapo.

Akikuletea kifaa cha kale kweli ukitengeneze upya, muulize kwanza kama anataka kukitumia au kukihifadhi, kwa sababu rangi ya awali ukiikwangua hairudi, na kwa mkusanyaji thamani iko humo. Rangi za zamani nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usizipige msasa bila kujikinga. Na ukikuta mipira au vishikio vya pembe za ndovu, usivinunue wala kuvituma nje ya mipaka kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori: biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1990, na nchi nyingi zimeibana hata ndani. Vya kubadilishia, tumia mbao ngumu au resini, na uandike kwenye risiti ulichobadilisha.